Ni Nini Kinachokitegemea? Kuchora Utegemezi wa Vifurushi kwa Amri za Terminali

Waheshimiwa walimu wetu, ndugu na dada mliofika hapa Lubumbashi kutoka Likasi, Kolwezi na Kipushi, ninawashukuru kwa kunisikiliza. Nitazungumza juu ya namna ya kuona kwa macho jinsi vifurushi vya programu vinavyotegemeana ndani ya kompyuta zetu, tukitumia amri za kuandika kwenye terminali. Ninaamini kwamba wengi wetu tunauliza nusu ya swali. Tunauliza kifurushi kinahitaji nini, kwa sababu megabaiti ni ghali, au kwa sababu tunataka kuvibeba vyote kwenye flashi hadi Kasenga au Pweto. Lakini ni mara chache tunapouliza ni vifurushi gani vinavyokitegemea kile ambacho tayari tunacho.

Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, kunachelewa kwa takribani nusu sekunde, naye hakukubali kupuuza. Kinachonishughulisha zaidi ni njia ambayo mlango ule ulipitia. OpenSSH, programu inayotoa huduma ya SSH, kama inavyotoka kwa watengenezaji wake, haitumii kabisa liblzma, ambayo ndiyo maktaba ya xz, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima. Lakini Debian na wasambazaji wengine kadhaa wa Linux walikuwa wameiongezea kiraka kinachoiunganisha na libsystemd, maktaba ya systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za mfumo, ili iweze kuuarifu mfumo kwamba imekwisha kuanza kazi, na libsystemd nayo ilikuwa ikiitegemea liblzma. Hivyo msimamizi wa seva aliyesoma mahitaji ya moja kwa moja ya openssh-server peke yake hakuweza kuona hatari yoyote hapo. Ilimbidi ashuke hatua moja zaidi, au aanzie chini, kwenye liblzma, na kupanda.

Kupanda huko si kazi ngumu. Katika Debian na Ubuntu, apt-cache depends huonyesha mahitaji ya kifurushi, na apt-cache rdepends huonyesha upande wa pili. Ukiandika apt-cache rdepends --installed liblzma5, utabaki na vile tu vilivyomo katika kompyuta yako. Amri hizi husoma orodha zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye diski, kwa hiyo hazihitaji intaneti. Mimi hupendelea aptitude why liblzma5, kwani badala ya kumwaga majina, hutaja mnyororo uliosababisha kifurushi hicho kiwepo. Wanaoandika Rust wana cargo tree, ambayo ikipewa alama ya -i hugeuza mti juu chini. Wa Python wana pipdeptree, wa JavaScript npm explain, na wa Java mvn dependency:tree. Kasoro ya Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, ilipofichuka Desemba 2021, watu walilazimika kuitafuta maktaba hiyo ndani ya programu ambazo wenyewe hawakuwahi kuiweka, iliyokuja ikiwa imebebwa na maktaba nyingine.

Hata hivyo, orodha ya maandishi ina udhaifu wake. Kifurushi kimoja kinachofikiwa kwa njia nyingi hurudiwa mahali pengi, au huandikwa mara moja na kisha kuwekewa alama tu, na msomaji hapati kuona kwamba njia zote hizo zinakutana. Mchoro hukiweka mara moja, na mishale yote huelekea kwake. Graphviz, iliyozaliwa katika maabara za AT&T, husoma maandishi mepesi ya lugha ya DOT, ambamo kila mstari husema nini kinaelekea wapi, kisha huamua yenyewe kila jina likae wapi. Chombo kiitwacho debtree huandaa maandishi hayo:

debtree openssh-server | dot -Tsvg > mchoro.svg

Ninawasihi msichore mfumo mzima. Mchoro wa namna hiyo ni kichaka, nao haujibu swali lolote. debtree yenyewe huacha kuonyesha baadhi ya vifurushi vya msingi kama libc6, kwa kuwa karibu kila kitu kinavitegemea, na mishale yao ingefunika mingine yote. Anzeni na kifurushi kimoja na swali moja, wekeni mpaka wa kina, ondoeni vifurushi vinavyopendekezwa bila kuwa vya lazima, kisha ongezeni kidogo kidogo.

Kuna jambo ambalo mchoro hauonyeshi. Unachora kile ambacho mtayarishaji wa kifurushi ametangaza, lakini programu inaweza pia kuita maktaba ikiwa tayari inafanya kazi, bila kuwa imeunganishwa nayo tangu mwanzo. Tangu toleo la 256 la systemd, lililotoka mwaka 2024, libsystemd huipakia liblzma kwa njia hiyo, pale tu inapohitajika. Njia ya hatari kupitia imepungua, na jambo hilo ni jema. Lakini amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo faili limeunganishwa nazo, haitaitaja tena liblzma chini ya libsystemd, ingawa maktaba inaweza kuwa imo kwenye diski. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa systemd waliweka ndani ya faili lenyewe maelezo yanayotaja maktaba zinazoweza kuitwa hivyo, ili vyombo vya kutayarisha vifurushi viweze kuyasoma. Tutakapofungua kompyuta baada ya mapumziko, tutaanza na maelezo hayo.