Nyanya za Ilala, kiporo cha Mama na friji yangu ya Lyon

Wapendwa, mambo vipi! Mnanitumia sana zile klipu za "Waswahili acheni kutupa chakula," basi leo nawajibu. Siko Lyon, Ufaransa, niko Dar, soko la Ilala, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Mkono mmoja simu, mwingine nimeshika dera, maana chini ni rojo la nyanya. Hayo makelele ni Fuso linashusha mzigo kutoka Ilula, Iringa.

Ngoja nisogeze kamera kwenye hili tenga. Juu zinang'aa, si ndiyo? Chini maji yanachuruzika. Limejazwa lumbesa, kupita ukingo wake, likabebeshwa mengine mgongoni, likatikiswa usiku kucha. Huyu mama anachambua: nzima huku, masalo, yaani zilizobonyea, kule. Masalo wanayawahi mama ntilie. Zilizooza kabisa, safari ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Zikifukiwa huko zinaoza bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa miaka 20 inapasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Nimemuuliza, "Mama, kwa nini msitumie kreti za plastiki?" Kacheka. "Mwanangu, na nauli ya kuzirudisha tupu Iringa utalipa wewe?" Nikanyamaza.

Na mimi wa kuuliza ni nani? Ufaransa tuna sheria ya 2016: supamaketi kubwa haziruhusiwi kuharibu chakula kinacholika, ziingie mikataba na mashirika ya misaada. Safi sana, ila sheria hiyo haifiki kwenye friji yangu. Siku ya kusafiri nilitupa mtindi ambao haujafunguliwa, eti tarehe imepita jana. Sikuonja wala kunusa! Mama yangu nilipomwambia alinitazama kama nimetukana.

UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wanasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, migahawani na majumbani. Majumbani peke yake ni asilimia 60. Mwaka huohuo wenye njaa walikuwa kati ya milioni 691 na 783. Na hapo nyanya zilizopondeka njiani hazimo, zina hesabu yake.

Kwa hiyo mkinitumia zile klipu, mnamsema nani? Mama yangu, anayepasha ubwabwa wa jana kila asubuhi? Nisemeni mimi. Huku nitafutieni mtu wa kulipia kreti.

Haya, simu inaita. Ni Mama yangu: kiporo kipo mezani, na nikichelewa mdogo wangu hanibakizii.