Ngozi ya milodoni iliyowapoteza wataalamu

Hamjambo huko nyumbani! Leo kutoka hapa London tunaangalia ngozi moja tu, picha ndiyo hiyo. Manyoya ya hudhurungi, magumu, utadhani mnyama kachinjwa wiki iliyopita. Sasa tazameni ukingo, pale ilipokatwa. Upande wa ndani imejaa vijifupa, vingi ukubwa wa kunde, vimeshikamana kama kokoto kwenye zege. Jino la adui lingepita wapi hapo?

Mwenye ngozi ni milodoni, wa familia ya Mylodontidae, slothi wa ardhini wa Amerika. Slothi wa leo ni yule anayening'inia mtini miguu juu. Huyu alikuwa na urefu wa mita 3 hivi na uzito unaozidi tani 1, kwa hiyo mambo ya matawi msahau.

Mjerumani Hermann Eberhard aliipata mwaka 1895 pangoni, kusini kabisa mwa Chile, karibu na ulipo sasa mji wa Puerto Natales. Kipande kikafika London 1899, na hapo vurugu ikaanza. Wataalamu fulani, kwa jinsi mavi yalivyorundikana pangoni, wakaona lile ni zizi, wakampa jina Grypotherium domesticum, yaani wa kufugwa! Mwaka 1900 gazeti la Daily Express likamtuma msafiri Hesketh Prichard huko Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, amtafute mnyama huyo akiwa hai. Akarudi mikono mitupu.

Kosa lao ni kukisia umri kwa macho. Pango lile ni kavu na lina baridi, na bila unyevu bakteria hawafanyi kazi. Mla ng'onda anajua. Vipimo vya kaboni, vya kujua umri wa mabaki, vilivyokuja baadaye vikatoa zaidi ya miaka 10,000.

Mavi yenyewe ni hazina: ndani yake kuna nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Meno ya slothi hayana enameli, lile tabaka gumu la nje, na huota maisha yote. Kwa ajili ya meno hayo, zamani wataalamu waliwatia slothi kapu moja na kakakuona na muhanga wetu. Si ndugu hata kidogo. Vinasaba vinamweka karibu na slothi wa vidole viwili.

Mkikuta sanamu yake, anzeni na miguu ya nyuma. Alikanyagia ukingo wa nje, kucha zikiangalia ndani. Ikiwa nyayo zimelala bapa kama za dubu, mchongaji kabahatisha.