Mguu ukinyamaza, vua soksi

Jamani hili nimelisema mara nyingi na leo nalisema tena, una kisukari halafu mguu umeacha kuuma, usishangilie. Kuna mzee mmoja mwaka mzima alikuwa analalamika nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka likimgusa anashtuka, siku hiyo kaja kliniki anacheka, "sista, miguu imepona, siku hizi hata siisikii." Nikamwambia baba, vua viatu. Kuvua cha kulia, soksi imelowa. Nakung'uta kiatu, kinadondoka kifungo cha shati la mjukuu wake, kilikuwa humo tangu asubuhi, na chini ya kidole gumba kuna kidonda cha duara, unaona mpaka alama za yale matundu manne! Kakikanyaga siku nzima. Akakishika kile kifungo, akakiangalia, akanyamaza.

Huyo hakupona, neva, ile mishipa ya fahamu, zilishakufa. Zinaanzia vidoleni kwa sababu neva za kwenda miguuni ndo ndefu kuliko zote, halafu ganzi inapanda taratibu kama unavyovuta soksi. Ule moto, zile sindano, ni neva inaumia lakini bado inaongea, ikinyamaza inabidi ujue imenyamaza kwa nini.

Najua mtu atasema mbona mimi nimegundulika juzi tu. Umegundulika juzi, sukari imeanza lini? Kisukari cha aina ya 2 kinaweza kukaa miaka kimya, ndo maana miguu inapimwa siku ileile unayoambiwa unaumwa, aina ya 1 ni baada ya miaka 5, kisha wote kila mwaka. Na nyumbani msiseme hamna kipimo, fumba macho, mtu akuguse ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote, vidole 6, aguse tu sekunde moja au mbili, asibonyeze. Usiposikia viwili au zaidi, njoo.

Mwingine anataka dawa. Zipo, amitriptilini, pregabalini, duloksetini, zinatuliza maumivu lakini neva hazifufui. Kinga ni sukari yenyewe, ule utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1993 kwa watu wa aina ya 1, waliobana sukari vizuri walipunguza madhara ya neva kwa kama asilimia 60. Na unayemeza metformini miaka mingi omba upimwe vitamini B12, ikipungua nayo inaleta ganzi.

Naona naonyeshwa saa. Kizunguzungu ukisimama, tumbo kujaa, nguvu za kiume, zote hizo zinaweza kuwa neva, msione haya, semeni. Maji ya kuoga pima kwa kiwiko, usipime kwa mguu. Mguu ukivimba ukawa wa moto, hata kama hauumi, usiukanyage, nenda siku hiyohiyo, mifupa inaweza kuwa inavunjika humo ndani. Haya, mliokaa mbele vueni viatu, tuanze na vidole sita.