Tishari Chini ya Daraja

Ndugu zangu, filamu tuliyotoka kuitazama, Proverka na dorogakh (yaani "Jaribio Barabarani"), ni ya Kisovieti kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, ilitengenezwa mwaka 1971 katika studio ya Lenfilm, Leningrad. Mwongozaji ni Aleksei German, na kisa kimetokana na maandishi ya baba yake, Yuri German. Wakubwa wa serikali ya Kisovieti waliifungia, ikakaa kabatini takriban miaka 15. Kwa nini, wakati humo ndani hamna neno hata moja la kumtetea Mjerumani?

Jibu ni Lazarev. Huyu ni sajini wa jeshi la Kisovieti, alitekwa, akakubali kuvaa magwanda ya adui, kisha akajisalimisha kwa wapiganaji wa msituni wa Kisovieti, waliokuwa wakipigana nyuma ya mistari ya Wajerumani. Meja Petushkov hamwamini kabisa. Lokotkov, kamanda wa wapiganaji hao, anataka ajaribiwe kazini, aonekane ni mtu gani.

Kumbukeni, Agosti 1941 Stalin alitoa Amri Namba 270, iliyowahesabu makamanda wanaojisalimisha kuwa wasaliti, na jamaa zao wakamatwe. Katika vita ile askari wa Kisovieti zaidi ya milioni 5 walitekwa. Zaidi ya milioni 3 walifia mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo watazamaji wa 1971 wangemtazama Lazarev huku wakimfikiria kaka au baba yao.

Sasa turudi darajani. Wapiganaji wa Lokotkov wameshatega baruti, treni ya Wajerumani inakuja, kila mtu ameshika pumzi. Mara chini ya daraja linapita tishari lililosheheni mateka wa Kisovieti, wamesongamana bega kwa bega. German hana haraka. Anatuachia nyuso zile, moja baada ya nyingine, mpaka tunashindwa kuwaita "mateka" kwa jumla. Lokotkov anazuia mlipuko. Treni inapita salama, na Petushkov anawaka kwa hasira.

Mimi naona kesi ya Lazarev iliamuliwa pale, ingawa yeye hatajwi. Kamanda anayekataa kuwaua mateka kwa ajili ya ushindi hawezi kuamini kwamba kutekwa peke yake ni hatia.

Tusimwonee Petushkov, lakini. Amefiwa na mwanawe vitani, na Anatoly Solonitsyn anamwigiza kama mzazi ambaye, akilegeza msimamo hata kidogo, ataona mwanawe alikufa bure. Ukali wake ni msiba. Filamu ingekuwa nyepesi mno kama angekuwa katili tu.

Wapo wanaosema Lazarev alijitakasa kwa damu mwishoni mwa filamu, pale stesheni ya treni, alipobaki kwenye bombomu akiwakinga wenzake mpaka akauawa. Siafikiani nao. Hoja hiyo inamrudisha kwa Petushkov: mateka haaminiki mpaka afe. Lokotkov alimkabidhi silaha angali hai, akampeleka vitani pamoja na watu wake mwenyewe. Ningependa mjadala wetu uanzie hapo. Karibuni.