Usitupe Pedi Kuukuu Kabla ya Kuzisoma

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika asubuhi hii ya Jumamosi. Wengi wenu mmekuja na IST, Vitz na Passo, kwa hiyo nitazungumzia gari la namna hiyo, lenye breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Leo tunagusa mbele tu. Ngoma zina springi nyingi, zinataka siku yake.

Mkononi nina pedi mbili za breki. Zimetoka gurudumu moja, la mbele kushoto, kwenye gari la jirani yangu. Hii ya nje bado ina milimita 6. Hii ya ndani imebaki bati tupu, na diski imechimbika. Jirani alikuwa amebadilishiwa pedi gereji miezi michache tu kabla. Fundi alitoa kuukuu, akazitupa, akafunga mpya, akalipwa. Hakuna aliyezitazama zile za kwanza, nami naamini nazo zilikuwa zimelika hivihivi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuwataka mfanye kazi hii wenyewe, hata kabla ya kuhesabu pesa ya ufundi.

Kalipa, yaani kile chuma kinachoshika pedi na kubana diski, kwa magari haya ina pistoni upande mmoja. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, kisha kalipa yenyewe inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje, diski ikabanwa huku na huku. Pini zikikauka grisi zikashika kutu, au pistoni ikikwama, mtelezo unakufa na pedi moja inabebeshwa kazi ya mbili. Ukikuta pedi imelika upande mmoja kama kabari, chunguza pini: huenda moja inatembea na nyingine imeganda. Ukiikuta inang'aa kama kioo, imepikwa na joto. Muulize dereva kama alishuka mteremko mkali wa Kitonga mguu ukiwa juu ya breki mwanzo hadi mwisho, badala ya kuweka gia ndogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto ambalo breki zinapaswa kulimeza kusimamisha gari ni mara nne.

Kufungua kwenyewe si kugumu. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo upige jeki, na ukishapiga jeki weka stendi. Nawasihi sana, msiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Fungua bolti ya chini ya kalipa, mara nyingi ni spana namba 14, kisha inua kalipa juu kama kifuniko. Ukiitoa yote, ifunge kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wa breki. Vumbi lifute kwa kitambaa kilicholowa. Usilipulize, pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata za leo vumbi lake si la kuvuta. Sasa chomoa pini, zisafishe, uzipake grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Uso wa pedi na diski visiguswe na grisi kabisa.

Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni lazima irudi ndani. Weka pedi kuukuu juu yake, ubane polepole kwa jiriwa ya mkono. Kabla ya hapo fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, maana mafuta yatapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari. Kisha ufanye gurudumu la pili. Pedi hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande.

Hapa nisikilizeni vizuri. Mara yangu ya kwanza nilimaliza, nikafunga nati, nikawasha gari, nikaweka rivasi. Nilipokanyaga breki, pedali ilikwenda hadi chini. Gari lilisimama kwenye ukuta wa uani, mahali ambapo mwanangu alikuwa amecheza muda mfupi kabla. Kumbe pistoni nilizozirudisha ndani zilikuwa bado mbali na pedi. Kanyaga pedali mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, mpaka iwe ngumu chini ya mguu, kisha utazame tena kiwango cha mafuta. Kama haikazi, gari halitoki.

Baada ya hapo, barabara isiyo na watu: fika kilomita 50 kwa saa, punguza taratibu hadi 10, acha zipoe kidogo, rudia mara kumi hivi. Pedi na diski zinazoeana.

Gari langu liko hapo nje chini ya mwembe, tayari juu ya stendi, gurudumu moja limetolewa. Pini ya juu imeganda, na nimeiacha hivyo makusudi. Njooni mmoja mmoja muishike kwa mikono yenu.