Himaya ya Kubuni Bila Mpiga Mbiu

KABULA: Karibu msikilizaji. Tuko Kirumba, Mwanza, mimi na kaka Juma, na leo tunaongelea himaya za kubuni, zile falme za kwenye riwaya, na namna zinavyotawala watu kwa propaganda. Kaka Juma, wewe unasoma sana miswada ya vijana.

JUMA: Nasoma, dada, na vijana wanajua kuandika. Ila karibu kila mfalme dhalimu ninayekutana naye ana jeshi, ana mchawi, ana gereza la chini kwa chini. Mpiga mbiu hana. Karani hana. Mwalimu wa shule hana. Sasa nchi nzima ya visiwa anaitawalaje? Askari hawatoshi kila mlango.

KABULA: Inabidi watu wachungane wenyewe.

JUMA: Hasa! Tazama Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi inaelea angani. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno, na kosa lake ni nini? Hajaua, hajaiba. Ameanzisha mafunzo ya sheria.

KABULA: Mimi wananiuma wale wajumbe sita. Nchi yenyewe iliwatuma pande sita wakalete maarifa. Wakarudi nayo, wakatupwa gerezani.

JUMA: Tutulie hapo kidogo, maana ndiyo kazi yenyewe. Wengi tunadhani propaganda ni lazima mtu atunge uongo mkubwa. Kusadikika ilitosha mwenye habari aonekane mhalifu. Ukishamwona mtu kafungwa minyororo, nani anauliza alisema nini? Utasikia tu, "Lazima kuna jambo kafanya." Na siku akitafutwa mjumbe wa saba, huyo akirudi atanyamaza.

KABULA: Tena aliyeandika hayo alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, karani wa forodha kwa miaka mingi, na mashairi yake yalichapwa Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923. Ofisi alizijua kwa ndani. Haya, tuje kwetu. Kijana wa hapa anayetunga himaya ya ziwani aanzie wapi?

JUMA: Kwenye majina. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika upande wetu Agosti 1858, akaliona ziwa, akalipa jina la malkia wake, wakati Waganda walikuwa na Nalubaale yao na huku watu wakisema Nyanza. Wajerumani nao jiwe lile la majini pale mjini wakalipa jina la kansela wao, Bismarck. Leo mtu anapigia picha pale siku ya harusi, na hana kosa lolote, ndilo jina alilolikuta. Himaya ya kwenye hadithi ifanye vivyo hivyo: ibadilishe jina la mlima, la mwezi, hata la samaki. Mjukuu akue hajui kama kulikuwa na jina jingine, na bibi anayelijua aonekane mshamba.

KABULA: Huyo bibi anastahili sura yake mwenyewe. Lakini mimi ningeanzia sokoni. Nenda Mwaloni asubuhi. Kabla gunia la dagaa halijafunguliwa, akina mama wameshajua visiwani mvua imenyesha, dagaa wamelowa vichanjani, bei inapanda, na nani kafiwa. Hakuna redio iliyotangaza, habari imeshuka na mtumbwi. Mfalme akishika mbiu ya ikulu akauacha mtumbwi, kazi bure.

JUMA: Basi apige marufuku mitumbwi?

KABULA: Watu watalala njaa, watamchukia. Mtawala mjanja anaweka mtu wake pale pale, mcheshi, anayesalimia kila mtu na kukopesha nyavu. Mama anayedaiwa na bwana yule atarudia maneno ya bwana yule, hata kama moyoni hayaamini. Anayasema leo, anayasema kesho, na mtoto yuko mgongoni anasikia. Mama haamini, mtoto anaamini. Hapo mwandishi amwage kurasa.

JUMA: Na yule mama si mtu mbaya.

KABULA: Hata kidogo! Riwaya ikimfanya mjinga imemdhulumu. Ana deni na ana watoto.

JUMA: Nikuulize kuhusu mwisho wa Kusadikika. Karama anashinda kwa hoja, wajumbe wanafunguliwa. Vijana wananiambia ni mwepesi mno, eti dhalimu hashawishiki kwa maneno.

KABULA: Siwaungi mkono. Karama hakumnong'oneza mfalme chumbani. Alisimama mbele ya baraza, akasimulia safari moja baada ya nyingine, watu wanasikia. Wajumbe walifungwa ili safari zao zisisikike, na sasa zimesikika zote sita. Kuendelea kuwafunga kungemsaidia nini mfalme?

JUMA: Hapo nimekuelewa. Kwa hiyo anayetutumia mswada atuonyeshe baraza hilo liko wapi.

KABULA: Na nani kakaa mbele, na nani kakatazwa kuingia.