Weka Kikomo cha Ada kwa Kila Tiketi Kabla VVIP Hajakukimbia

Haya, karibuni tena. Leo tumo ndani ya programu ya kuuzia tiketi, na tunataka ada ya huduma isipande bila breki. Mfano wetu ni usiku wa taarab hapa Mombasa: kawaida shilingi 500, VIP 3,000, VVIP 10,000. VVIP ni kiti kilekile cha plastiki, ila kimevishwa kitambaa cheupe na utepe. Lakini kiko mbele, karibu na mwimbaji, basi watu wanalipa.

Ingia, mipangilio, ada. Hapo mnapajua.

Ada yangu ni asilimia 5 ya bei, jumlisha shilingi 20. Tiketi ya kawaida inatoa 45, VIP 170, VVIP... 520! Ada peke yake imeipita bei ya tiketi ya kawaida. Mteja akiiona anaweka simu mfukoni. Na kazi ni ileile: karatasi moja, kuskani mara moja mlangoni. Mimi naikata kwenye 250.

Teremka chini, utaona kisanduku cha kiwango cha juu. Ngoja... intaneti inazunguka. Bado inazunguka. Haya, imerudi.

Hapa polepole jamani. Kisanduku kikiwa kitupu, hakuna kikomo. Ukiandika sifuri, programu hii inaelewa kwamba ada isizidi sifuri, yaani hukusanyi hata ndururu. Ziko nyingine ambazo sifuri ni kusema hakuna kikomo, ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ukitaka kufuta, futa, usiandike sifuri. Angalia pia kama namba inasomwa kwa senti, maana 250 itageuka shilingi mbili na nusu. Naandika 250, bila koma, bila KSh. Si sifuri!

Pembeni unaulizwa: kwa kila tiketi, au kwa oda nzima? Kila tiketi. VVIP nne zitatoa ada ya 1,000. Ukiweka oda nzima, hizo nne zinatoa 250, na kumi pia 250. Wapo waandaaji wanaoipenda hiyo kwa ajili ya vikundi. Mimi hapana, mjanja mmoja atawanunulia mtaa mzima.

Halafu VAT, asilimia 16. Kikomo kikihesabiwa kabla ya kodi, mteja atatozwa 290. Mimi naweka alama kwamba kodi imo ndani, mteja aone 250 na isiongezeke kitu. Katika hiyo, wewe unabaki na 215.52. Kama haikutoshi, pandisha kikomo sasa, si baada ya mabango kutoka.

Hifadhi. Tujaribu.

Usijaribu na tiketi ya 500. Utaona 45, utafurahi, na hujajua lolote, kwa sababu kikomo hiki kinaanza kufanya kazi bei ikipita 4,600. Jaribu na ile ya bei ghali kuliko zote. Naweka VVIP kwenye kapu... 520.

Eeh. Msiondoke. Nimehifadhi? Nimehifadhi. Nafungua ukurasa upya... 520. Subirini, niingie kwenye tiketi ya VVIP yenyewe. Ahaa! Tazameni hapa: ina ada yake maalumu, imekuja na tamasha la zamani tulilonakili. Ada iliyowekwa kwenye tiketi inaishinda ile ya jumla. Zima. Hifadhi. Kapu... 250. Alhamdulillah. Weka nne: 1,000. Safi.

Kabla hujafunga, rudi kwenye kile kisanduku uhakikishe hakijajijaza sifuri. Ndiyo, nairudia makusudi.

Oda zilizokwisha kulipwa zinabaki na ada ya zamani, ziache hivyo. Na makato ya M-Pesa hayaguswi na kikomo hiki, hayo yana hesabu yake, tutayafanyia video nyingine.

Nauza karatasi za mashine ya tiketi na mikanda ya mkononi ya wageni. Ukichukua katoni nzima, nakuja kukuwekea mipangilio hii bure, popote Mombasa. Likoni pia naja, feri kwa miguu hailipishwi.